Mkamwana na Baba Mkwe Kwenye Pikipiki Moja

Mkono wa Tusekile bado umo ndani ya boksi la pikipiki ya mumewe, na bado haamini alichokishika. Mmenisumbua wiki nzima kwa simu, wasomaji wangu, mkitaka kujua ni nini. Mmoja wa Kiwira alisema ni bastola. Mwingine akaapa ni kanga ya mwanamke mwingine. Haya, tulieni. Ni helmeti, na wala si ya Jairo.

Ni helmeti ya bluu ya Lusungu, mdogo wake Jairo wa tumbo moja. Imepasuka upande wa kushoto, na kwenye ule ufa zimenasa nywele. Tusekile alipotoa vidole kwenye sponji la ndani, vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kucha.

Kwa mgeni aliyeanza nasi leo, mambo yako hivi. Kundi la pikipiki liitwalo Ngurumo limetoka Ikuti asubuhi kwenda Tukuyu kwenye bonanza la waendesha pikipiki wa kanda nzima. Kiongozi wao ni Jairo, na leo anagombea uenyekiti wa kanda. Mkewe, Tusekile, ana pikipiki yake mwenyewe ya kukusanyia maziwa kwa wafugaji, kwa hiyo alitangulia na madumu yake ili ayafikishe kwanza, wenzake wamkute Tukuyu. Walipofika, Lusungu hakuwepo. Jairo akasema waya wa klachi umemkatikia, dogo karudi nyumbani. Wenzake wote wakaitikia, tena kwa haraka mno, ila hilo Tusekile analikumbuka sasa.

"Mke wangu, unatafuta nini humo?"

Jairo alikuwa amesimama nyuma yake. Mkononi alishika ubavu wa mbuzi, na midomo iling'aa mafuta.

"Hii ya nani?" Tusekile akauliza.

Jairo akaitazama ile helmeti. Hakushtuka hata kidogo. Akakifunga kifuniko cha boksi kwa kiwiko, asije akakipaka mafuta, akang'ata nyama, akatafuna.

"Punguza sauti," akasema. "Watu wa kamati wako pale."

"Nimekuuliza ya nani."

"Si unaiona? Ya dogo."

"Ulisema waya wa klachi."

"Nilisema hivyo usije ukahangaika. Aliteleza kidogo kwenye kona ya kushukia mtoni. Watu wamemchukua, yuko hospitali."

"Watu gani?"

"Watu wa pale pale. Baba. Yuko kwa baba."

"Yuko hospitali au yuko kwa baba, Jairo?"

Jairo akalamba kidole gumba. Akageuka kuangalia kama kuna mtu anasikiliza. Hakukuwa na mtu wa kusikia chochote, maana uwanja mzima wa bonanza ulikuwa unanguruma. Vijana wanazungusha pikipiki kwenye tope, spika zinapiga muziki, manyunyu yanashuka na hakuna anayejali.

"Sikiliza nikueleze kama mtu mzima," akasema. "Alitaka kunipita kwenye kona. Mbele ya wenzangu, siku kama ya leo. Nikambana. Kubana tunabana kila siku, mwenzako anapunguza mwendo, yanaisha. Yeye hakupunguza."

"Ukasimama?"

"Nilisimama, mimi si mnyama. Nilishuka mpaka kwenye migomba. Nilimkuta anapumua vizuri tu."

"Halafu?"

"Halafu nikachukua helmeti."

Hebu irudieni hiyo kauli, wasomaji wangu, maana mimi nimeirudia nikakosa hamu ya chakula cha mchana. Mtu anashuka bondeni. Anamkuta mdogo wake, mtoto wa mama yake, kalala kwenye matope kichwa kinavuja. Hamshiki mkono, hamfungi jeraha. Anamvua helmeti kichwani, kile kile kichwa kilichopasuka, anapanda nayo juu, anaifungia kwenye boksi, anaendelea na safari.

Tusekile alifungua tena kifuniko. Juu ya helmeti kilikuwepo kile kishikizo cha kamera ndogo ambayo Lusungu alipenda kurekodia safari zao. Kishikizo kilikuwepo, kamera haikuwepo.

"Kamera iko wapi?"

"Iliharibika."

"Uliiharibu."

"Tuse, kura zinapigwa mchana huu." Sauti ya Jairo ilikuwa laini, ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Hili jambo likijulikana kabla ya kura, nimekwisha. Leseni itakwenda, na uenyekiti utakwenda. Nikishatangazwa tu, nachukua gari namfuata. Nimeshampigia baba, nimempanga vizuri, hana wasiwasi."

"Umempanga baba yako?"

"Nimemwambia niko polisi nafuatilia PF3, na kwamba hospitali hawampokei mtu wa ajali bila hiyo karatasi. Wasimwondoe pale mpaka nifike. Umeona? Kila kitu kiko sawa."

Halafu akafanya kitu ambacho Tusekile hatakisahau mpaka anaingia kaburini. Akamshika shavu. Kwa ule mkono wenye mafuta ya mbuzi, akampapasa shavu akitabasamu, akisema, "Kesho wewe ni mke wa mwenyekiti."

Tusekile alitapika. Aliinama pale pale kando ya gurudumu akatoa chai yote ya asubuhi. Jairo aliruka nyuma kuokoa buti zake mpya.

Alipoinuka, mumewe alikuwa ameshaondoka kwenda kwa watu wa kamati, anasalimiana nao kwa mikono miwili.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyebaki wa kumkimbilia. Prisca, rafiki yake tangu shule ya msingi, alikuwa kwenye banda la nyama pamoja na Ezron na wenzao wengine wa Ngurumo. Kundi zima limevaa majaketi yale yale meusi yenye radi ya njano mgongoni. Tusekile akamvuta Prisca kando.

"Shoga, Lusungu kaanguka. Jairo kamwacha bondeni."

Prisca hakuuliza kaanguka wapi, wala hakuuliza yu hali gani. Aliangalia chini, kwenye sahani yake ya ndizi za kuchoma.

"Ulijua," Tusekile akasema.

"Hatukutaka kukuharibia siku."

"Hamkutaka. Nyie wangapi?"

Prisca akainua macho kumtazama Ezron, na Ezron akaja akijifuta mdomo. Huyu Ezron ndiye mkia wa msafara. Kwenye Ngurumo mkia ni mtu anayeheshimika. Anakaa nyuma ya wote, na mmoja akianguka, mkia hasogei hata kama ni mvua ya mawe, mpaka mwenzake apate msaada. Waliapa hivyo siku ya kuanzisha kundi, wameshika tanki za pikipiki zao, na Tusekile aliwapikia pilau ya siku hiyo.

"Shemeji, usituone wabaya," Ezron akasema. "Mimi nilitaka kubaki. Lakini tulikuwa tunapigwa picha za kuingia uwanjani, Jairo akasema kundi likiingia pungufu tutaonekana hatuna nidhamu."

"Mkaingia mmepungua mmoja."

"Tulimwazima mtu wa Kiwira. Akavaa jaketi la akiba."

Yaani nafasi ya Lusungu ilishajazwa kabla damu yake haijakauka. Na huyo mtu wa Kiwira alikuwa pale pale bandani, kajaza mashavu, akampungia Tusekile mkono kwa adabu.

"Sasa wewe ungekuwa sisi ungefanya nini?" Prisca akauliza, na akaweka kipande cha ndizi mdomoni akisubiri jibu.

Tusekile alimtazama rafiki yake akitafuna. Alikuwa amekula naye sahani moja miaka yote hiyo. Alikuwa amevaa nguo zake, akalala kitandani kwake, akamwambia mambo ambayo hakumwambia mama yake. Sasa aliyaona yale meno yakipanda na kushuka. Alivua jaketi la Ngurumo, akalitupa kwenye shimo la taka ambamo mbwa walikuwa wanagombania mifupa.

Akawasha pikipiki. Kabla hajatoka langoni aliangalia kwenye kioo, akamwona Prisca ameinama shimoni anamfukuza mbwa, analichukua lile jaketi na kulikung'uta. Akalipima mabegani kama linamtosha.

Tusekile hakuwahi kukimbiza pikipiki hivyo tangu aijue. Alikata lami, akaingia barabara ya vumbi ambayo kwa mvua ya wiki ile haikuwa na vumbi tena, ni utelezi mtupu, chai huku na migomba kule. Njia hiyo anaijua kwa madumu ya maziwa, anajua wapi pa kukanyaga. Alikuwa na jambo moja tu kichwani. Lusungu akipelekwa hospitali sasa, huenda akapona. Akiendelea kumsubiri Jairo, anakufa.

Kwenye kona ya kushukia mtoni alisimama. Pikipiki ya Lusungu ilikuwa bado bondeni, imelala juu ya mgomba iliouvunja. Wajanja walikuwa wameshapita. Vioo vilikwenda, betri ilikwenda, hata kiti kilikwenda. Matope yalikuwa na alama ya mtu aliyeburutwa na alama za miguu mingi, na katikati ya alama hizo mtu mmoja alikuwa amekula muwa akatema makapi.

"Ndaga, mwanangu," sauti ikamwambia. Alikuwa mama Anyosisye, anayelima kando ya kona hiyo, kabeba majani ya ng'ombe. Pole aliyompa ilikuwa ya kweli, pole ya kwanza Tusekile kuisikia siku ile. "Tulimbeba sisi kwa machela ya mianzi. Yuko kwa baba yake. Wanangoja gari ya Jairo. Umekuja nayo?"

"Sijaja nayo, mama."

"Basi mwambie akaze mwendo. Yule mtoto alikuwa anaongea. Tulipomfikisha akawa anaongea kidogo."

Sasa, wasomaji wa mbali, hapa inabidi niwaeleze jambo, maana bila hilo mtamwona Tusekile mjinga. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawaongei, hawapiti njia moja wakakutana. Ni heshima, na nyumba nyingi siku hizi wameilegeza. Nyumba ya mzee Asajile haikulegeza. Tangu Tusekile aolewe hajawahi kumtazama usoni mzee huyo. Akimwona kwa mbali, anaingia kwenye chai. Siku moja alilala mtaroni na dumu la maziwa mpaka mzee apite, na mzee naye, kwa heshima ile ile, alipita akitazama upande wa pili huku akikohoa ili ajulikane alipofika.

Kukiwa na neno la lazima, wanalipitisha kwa mtu wa tatu. Mama mkwe husimama katikati, au mtoto, au jirani. Mzee anasema, "Mwambieni mke wa Jairo." Naye anasema, "Mwambieni baba." Ndivyo walivyoishi, tena bila ugomvi hata siku moja.

Tusekile aliegesha pikipiki nyuma ya migomba, akajifunika kitenge kichwani, akasogea mpaka pembeni ya nyumba. Akachungulia.

Lusungu alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani. Kichwa kimefungwa kwa shuka lililokuwa jeupe. Mguu umefungiwa vipande vya mianzi. Kando yake mzee Asajile amekaa kwenye kigoda, na mkononi ana tawi la majani. Hapakuwa na mtu mwingine. Mama mkwe alikuwa amekwenda barabara kubwa kulisubiri gari la mwanawe mkubwa, ili dereva asipotee njia.

Mzee aliona pindo la kitenge. Akageuka mara moja, akakipa kisogo kile kitenge, akatazama ukuta.

"Gwe Lusungu," akasema. "Shemeji yako amefika. Mwulize gari liko wapi."

Wenyewe mnaona. Mtu wa tatu aliyekuwepo alikuwa ni yule yule aliyekuwa anakufa.

Lusungu akafungua macho. Yalikuwa mekundu, na jicho moja lilikuwa kubwa kuliko jingine. "Shemeji," akasema, na kila neno alilitoa kwa tabu. "Baba anauliza gari."

Tusekile alitazama ardhi. Jibu alikuwa nalo mdomoni, lakini lingepita wapi? Amwambie Lusungu, "Mwambie baba kwamba kaka yako hayuko polisi, anakula mbuzi, anasubiri kura"? Amtwike majeruhi mzigo huo aupeleke mwenyewe hatua mbili mpaka kwa baba yake?

"Mwambie baba," akaanza, akakwama.

"Anasemaje?" mzee akauliza ukuta.

"Hajasema," Lusungu akajibu.

"Mwulize Jairo ameshapata PF3?"

Lusungu hakuuliza. Midomo ilitikisika, macho yakapanda juu, yakabaki meupe. Pumzi ikaanza kukoroma.

"Lusungu," mzee akaita. "Gwe Lusungu. Gwe mwana."

Basi ikawa wamebaki wawili, baba mkwe anatazama ukuta na mkamwana anatazama ardhi, na hakuna wa kupitishia neno.

Tusekile akavua kitenge kichwani.

"Baba," akasema.

Mgongo wa mzee ulikakamaa. Tangu ndoa ilipofungwa, hiyo ndiyo mara ya kwanza sauti ya mkamwana kumfikia moja kwa moja.

"Baba, gari haliji. Jairo hayuko polisi. Yuko Tukuyu kwenye bonanza, anasubiri achaguliwe mwenyekiti. Yeye ndiye aliyembana Lusungu kwenye kona. Alishuka bondeni akamvua helmeti, akamwacha. Na hospitali wanampokea mtu bila PF3, baba. Wanaanza kumtibu, karatasi inafuata baadaye. Amekudanganya."

Mzee hakugeuka upesi. Alikaa vile vile na tawi lake. Tusekile akafikiri amemuua kwa maneno, akafikiri na laana inakuja. Halafu mzee akageuza kigoda, akamtazama usoni, mkamwana wake, macho kwa macho. Alikuwa mzee wa kawaida tu, mwenye kovu dogo kidevuni. Tusekile hakuwahi kujua kuwa ana kovu.

"Tangu asubuhi nimekaa hapa namfukuzia mwanangu nzi," mzee akasema. "Namwambia avumilie, kaka yake anahangaika."

Akalitazama lile tawi mkononi mwake kana kwamba ndilo lililofanya uchafu ule. Akalitupa. Akatema mate uani, mate mazito, akayafukia kwa kisigino.

"Pikipiki yako ina mafuta?"

"Ina mafuta, baba."

"Atakaaje?"

"Katikati. Nitamfunga na mimi kwa kitenge. Lakini lazima mtu akae nyuma amshike, la sivyo ataanguka."

Wakatazamana tena. Pale hapakuwa na mtu mwingine wa kukaa nyuma. Kumwita jirani ni kupanda kilima na kushuka. Na mjue, kwa mzee wa mila, kumwona mkamwana usoni ni jambo moja. Kupanda naye chombo kimoja, mapaja kwa mapaja, akapita naye barabarani mbele ya watu, ni jambo ambalo lingemfanya aitwe na ukoo kueleza kimemsibu nini.

Mzee Asajile akavua kofia yake, akaiweka kwenye kigoda.

"Tusekile," akasema. Hata jina alilijua. "Leta hicho kitenge."

Mshikaki mnaujua, watatu kwenye pikipiki moja, trafiki wanaupigia kelele kila siku. Basi mshikaki huu haukuwahi kuonekana Rungwe. Mbele mkamwana, katikati majeruhi amefungwa mgongoni kwake mguu wa mianzi umetoka pembeni, nyuma baba mkwe amezungusha mikono yake mirefu ikawakumbatia wote wawili. Walipopita, wanawake waliokuwa wanachuma chai waliacha kuchuma. Mmoja alijifunika uso kwa kikapu chake. Mwanamume mmoja alitoka dukani akasema kwa sauti, wasikie, kwamba mzee Asajile kaishiwa, kamkumbatia mke wa mtoto wake kama hawara.

Mtu anavuja damu, yeye anaona mapaja. Watu wa namna hiyo hawakosekani, hata uende wapi.

"Usisimame," mzee akamwambia Tusekile sikioni. Kila walipofika kwenye shimo alisema, "Pole pole," na kila walipolivuka alisema, "Twende." Mgongoni Tusekile alihisi ujoto unashuka, unalowesha blauzi mpaka kiunoni. Hakutaka kufikiri ni nini.

Hospitali iliwapokea langoni. Hakuna aliyeulizia karatasi. Kitanda cha magurudumu kilikuja, manesi wawili wakakata kitenge kwa mkasi, na daktari mwanamke aliyeitwa Mwantum akamwangalia Lusungu machoni kwa tochi, akaanza kutoa amri akiwa anatembea. Mzee Asajile akageuka ukutani, akaegemea, na mgongo wake ukaanza kutikisika bila sauti. Tusekile alisimama karibu naye. Hakuna aliyekumbuka kujificha.

Baada ya muda Daktari Mwantum akatoka.

"Bandama imepasuka, damu inavujia ndani. Namwingiza chumba cha upasuaji," akasema. "Kupasua naweza, chumba kiko tayari. Shida ni damu. Ya kwake ni O hasi, ni watu wachache sana wanayo. Niliyonayo nimeshamtundikia, na haitoshi. Mbeya wanatuma gari, ila liko mbali. Nani kwenye familia ana damu kama yake?"

"Mimi, chukueni," mzee akasema.

"Umri wako hauruhusu, babu. Mama yake?"

"Ana sukari."

Tusekile akafumba macho. Alijua nani anayo. Mwaka jana Ngurumo walikwenda kuchangia damu, na jioni yake Jairo alikaa mezani akijisifu kuwa yeye na mdogo wake wana damu adimu, damu ya wakubwa, kijiji kizima hakuna.

"Kaka yake," akasema. "Yuko Tukuyu."

"Ni karibu sana. Mpigie, aje sasa hivi. Weka spika nimwelekeze mwenyewe."

Tusekile hakutaka hata jina lile lionekane kwenye simu yake. Akalibonyeza, akaweka spika. Simu ikaita. Mzee akageuka kutoka ukutani, akasogea, macho yakiwa kwenye ile simu. Ikapokewa, ukasikika muziki, ngurumo za injini, vifijo. Jairo hakungoja mkewe aseme neno.

"Vipi," akauliza, taratibu tu, sauti ya mtu anayeulizia kama wali umeiva. "Ameshakata roho?"

Daktari Mwantum aliacha mdomo wazi. Tusekile alitaka kuitupa simu ile chini kama mtu aliyeshika mjusi, lakini mkono wa mzee ulikuwa umeshafika, ukagusa wake, ukaichukua.

"Bado hajakata," mzee Asajile akasema. "Anasubiri damu yako."

 Kisha Jairo akasema, kwa adabu zote, "Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia.

"Baba, huyo mwanamke amekuambia vitu..."

"Njoo hospitali, Jairo. Mdogo wako anakufa. Kila kingine tutaongea baadaye."

Wakasikia sauti ya mtangazaji kwenye vipaza sauti, inatamka jina la Jairo na la baba yake, inawaomba waendesha pikipiki wote wa kanda wapige honi kumkaribisha mwenyekiti wao mpya. Honi zikaanza, mamia ya honi, zikajaa kwenye ile korido ya hospitali. Nesi mmoja aliziba masikio.

"Baba," Jairo akasema, akipandisha sauti asikike. "Wananiita jukwaani. Nipe nusu saa tu."

Mzee alimtazama daktari, simu bado iko mkononi.

"Nusu saa hana," Daktari Mwantum akasema.